Wiki ya Taa ya Njano

Jumatatu
Taa ya injini imewaka Ubungo, foleni ikiwa imesimama. Gari halikutetemeka wala kupungua nguvu. Jioni nimepita gereji moja ya njiani. Kijana amechomeka mashine ya kupima, lakini kompyuta yake imeisha chaji kabla haijasoma chochote. Fundi mkubwa hakusubiri. Amesema, "Mama, hiyo ni katalisti, andaa hela." Nimemshukuru nikaondoka. Katalisti, ile inayosafisha moshi kwenye ekzosi, ni kifaa cha bei kali mno, na haihukumiwi kwa kutazama taa.

Jumanne
Mpwa wangu amekuja na mashine yake ndogo. Imetoa msimbo P0135: saketi ya hita ya sensa ya oksijeni, ile ya mbele, iliyo kabla ya katalisti. Katalisti yenyewe haikutajwa popote.

Naliandika hili kwa kirefu kwa sababu kila mwenye gari la petroli anastahili kulijua. Sensa hii imepenya ndani ya bomba la ekzosi, na kazi yake ni kulinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na ile ya hewa ya nje. Kauri ya zirkonia iliyomo ndani yake huzalisha umeme kidogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, ikaongeza au kupunguza petroli, ikitafuta uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Lakini kauri ikiwa baridi haisemi kitu. Inataka joto la nyuzi 300 hivi. Sensa za kwanza, za Bosch, zilizofungwa kwenye Volvo mwaka 1976, zilingoja zipashwe na moshi wenyewe. Hita iliongezwa miaka ya 1980. Kwetu Dar, ambako injini hunguruma muda mrefu gari likiwa halisogei, moshi hupoa, na hita ndiyo huifanya sensa iendelee kusoma. Hita ikifa, kompyuta hukisia, na mara nyingi hukisia kwa kumwaga petroli ya ziada.

Jumatano
Mvua tangu alfajiri. Hakuna aliyeweza kulala chini ya gari.

Alhamisi
Tumepima. Msimbo hauthibitishi kwamba sensa imekufa. Unaonyesha tu saketi yenye hitilafu, na hitilafu inaweza kuwa fyuzi, waya, au kompyuta yenyewe. Fyuzi nzima. Tumeichomoa soketi ya sensa, tukawasha swichi, na mita imeonyesha volti 12 upande wa gari. Umeme unafika. Kisha tumepima upande wa sensa, kwenye zile waya mbili za rangi moja ambazo ni za hita. Hita nzima huonyesha omu chache. Hii haikuonyesha njia kabisa, imekatika ndani. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia, maana sasa tunanunua kitu tunachojua kimekufa.

Wakati wa kurudisha soketi, klipu yake imevunjika. Plastiki imekaushwa na joto la miaka mingi. Tumeifunga kwa waya mwembamba.

Ijumaa
Kariakoo. Namba ya kwenye boksi ni sahihi, lakini nilipofungua pale pale kaunta, iliyomo ni sensa ya nyuma: waya mrefu zaidi, soketi ya umbo jingine. Muuzaji amependekeza tukate waya tuunganishe na soketi ya zamani. Nimekataa. Sensa nyingi za aina hii hupata hewa ya nje kupitia nafasi ndogo zilizo ndani ya waya zake. Ukizichomelea kwa risasi unaweza kuziba njia hiyo, na sensa mpya ikaanza kusoma uongo. Amekubali kubadilisha. Tumemngoja mwenye ufunguo wa stoo arudi kutoka swala ya Ijumaa.

Jumamosi
Sensa ya zamani imegoma kutoka. Tuliipulizia dawa ya kutu tangu jana usiku, na asubuhi tumeiwasha injini kidogo ili bomba lipate joto. Spana ya boksi ya 22 yenye mpasuo wa kupitishia waya imeteleza mara ya kwanza na mpwa wangu amechubuka vidole kwenye ngao ya joto. Nimemsafisha, nimemfunga bandeji, hakutaka kupumzika. Fundi jirani ametuazima kipande cha bomba cha kurefusha mpini, na hapo imelegea. Nyuzi za bomba la ekzosi ziko salama. Hofu ya kuziharibu ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mpya tumeianza kwa mkono, kisha spana. Ile grisi ya kuzuia kushikana inapakwa kwenye nyuzi tu. Ikifika kwenye ncha, sensa inaharibika. Vivyo hivyo silikoni ya kubandikia gasketi isiyofaa kwa sensa: mvuke wake huitia kauri sumu.

Jumapili
Msimbo umefutwa. Mita kwenye waya wa ishara inapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9, hata tukiliacha gari lingurume kama kwenye foleni. Taa haijarudi. Jirani wa mtaa wa pili ameona tunafunika boneti akaja: gari lake lina taa hiyo hiyo, na ameshaambiwa alipie katalisti. Nimemsihi asitoe hata shilingi kabla hatujampimia. Atalileta kesho saa kumi na moja jioni.