Kete Ziko Wapi?

Anayetaka kunikera anikaribishe sebuleni kwake, kisha anionyeshe ubao wa igisoro alioutundika ukutani kati ya kalenda na televisheni. "Hii ni antiki," husema kwa sauti ya chini, utadhani tuko msikitini. Nauliza kete ziko wapi. Kete? Hana habari nazo. Alinunua mbao yenye mashimo, basi.

Igisoro, kwa waliohamia Kigali jana, ni ndugu wa bao la Unguja na omweso ya Waganda: mashimo 32 katika safu nne, kete 64, wachezaji wawili, na watazamaji wasioalikwa ambao kila mmoja anaujua mchezo kuliko ninyi. Kete zikiliwa haziendi mfukoni. Aliyezila anazipanda upande wake, mchezo unaendelea, na hesabu ya ubaoni inabaki 64 mpaka mmoja akose pa kuchota.

Sasa nenda kwenye maduka ya vinyago. Kijana mmoja aliniapia, "Mzee wangu, huu ni wa zamani kabisa, wa babu yetu." Nikaugeuza. Nyuma una tundu la msumari. Babu gani huyo, alikuwa akicheza amesimama wima kaukabili ukuta? Nilipourudisha mezani, vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa kiwi ya viatu.

Na mashimo yenyewe hayana kina! Mchezo ukikolea, shimo moja hubeba kete kumi na kitu. Haya ya dukani yakipata ya saba, ya nane inateremka, inaingia chini ya kiti, na mpinzani wako anaapa kwa mama yake kwamba ilikuwa upande wake. Ubao uliochezewa kweli unaujua kwa kidole. Kingo zimelika pale mkono unapochotea, na ndani mmeiva weusi wa jasho la watu ambao wengine washazikwa. Weusi huo haupakwi kwa brashi.

Jirani zangu hapa Nyamirambo wanao mmoja wa namna hiyo. Umepasuka kona, umefungwa waya, na baadhi ya kete ni vifungo vya mashati. Mtalii aliwahi kutoa noti aununue. Mzee mwenye ubao akamuuliza kwanza, kwa Kiswahili, kama anajua kucheza. Biashara ikaishia hapo.

Shemeji yangu yeye ana ugonjwa wa aina nyingine. Anakusanya wanasesere wa Star Wars, kila mmoja ndani ya pakiti yake. Siku mwanangu aliponyoosha mkono kuelekea rafu, nusura tufikishane kwa mkuu wa mudugudu. "Ukifungua tu, thamani imekwisha!" Ndiye aliyenisimulia, tena kwa fahari, kwamba Krismasi ya 1977 filamu ilikuwa imevuma na kampuni ya Kenner haikuwa na wanasesere tayari, ikawauzia Wamarekani boksi lisilo na mwanasesere hata mmoja. Ndani mlikuwa na cheti cha kutumiwa wanne mwaka uliofuata. Watu walinunua, na leo wakusanyaji wanalisaka boksi hilo kwa udi na uvumba. Afadhali wao waliahidiwa kitu. Sisi tunanunua ubao bila kete, na cheti hatupewi.

Nyumbani kwangu nilikataza msumari. Mama watoto akasema sawa, na tangu hapo ubao tuliozawadiwa unapakuliwa karanga za wageni. Huziweka nne nne katika mashimo manane ya kila upande, kama inavyotakiwa. Hapo sina la kumlaumu. Juzi, shemeji alipokuja kutusalimu, nikamshawishi tucheze na karanga hizo hizo. Alicheza vizuri, akanila sana, hata nikaanza kumheshimu. Kisha nikazihesabu kete zilizobaki ubaoni. Hazikufika thelathini.