Jinsi ya Kumiliki Bunduki ya Kuwindia Bila Kutoka Barazani

Bunduki ya komeo, kwa asiyeijua, ni ile ambayo kila ukifyatua huna budi kuvuta komeo kwa mkono, ganda litoke, kisha ulisukume mbele risasi nyingine iingie. Lenyewe ni kama komeo la mlango wa uani kwenu Kibokoni: unaliinua, unalivuta, lagoma, unalitukana, lafunguka. Mauser wa Ujerumani alitoa muundo wake wa mwaka 1898, na bunduki nyingi za kuwindia zinazouzwa leo bado zinauiga.

Mtu wa Mombasa ataifanyia nini? Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na mkeo, kwa hiyo jitayarishe. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya Mei 1977. Kisiwani kwetu wanyama waliobaki ni paka wa Mji wa Kale, ambao kila mmoja ana jamaa zake, na kunguru. Na kunguru naye hapewi heshima ya risasi: Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilipotangaza mwaka 2024 kwamba litawaangamiza milioni 1, silaha iliyochaguliwa ilikuwa sumu. Usikate tamaa. Mwindaji wa kweli hahitaji mnyama. Ahitaji baraza, kahawa chungu, na watu watatu wasio na haraka.

Anza kwa kuchagua kipenyo. Hapa kuna madhehebu mawili. La kwanza ni la Bell, yule Mskochi aliyeitwa Karamojo Bell, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 kwa 57, ambayo Waingereza huiita .275 Rigby. Ni risasi nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Siri yake haikuwa baruti. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. La pili ni la .375 Holland & Holland, iliyozaliwa mwaka 1912, na wafuasi wake hushikilia kwamba chini ya hapo unamchokoza tu mnyama. Hoja zote mbili zina uzito, kwa hiyo usichague kwa hoja. Tazama nani amekaa upande gani wa baraza, na nani zamu yake ya kulipa kahawa.

Ila usiazime. Mwaka 1898 huko Tsavo, J. H. Patterson, aliyekuwa akijenga daraja la reli huku simba wawili wakiwala vibarua wake, alibadilishana bunduki na daktari mmoja kwa sababu ya daktari ilikuwa kubwa zaidi. Simba akaja karibu kabisa. Patterson akavuta mtambo, ikalia *ta!* na risasi haikutoka. Alivyofadhaika, akasahau kwamba kasiba la pili nalo lilikuwa na risasi, na simba akaenda zake. Wazee walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Simba wote wawili walikuja kuuawa Desemba ya mwaka huohuo, baada ya vilio vingi.

Matako yametupeleka kwenye kitako. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Springfield ya .30-06 iliyochongewa kitako cha kumfaa yeye, pamoja na tani 4 za chumvi ya kukaushia ngozi. Tani 4 za chumvi, kuletwa kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi! Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, lakini huko bara. Sisi tuliona masanduku yakipita kwenda kwenye gari la moshi, kama tunavyoyaona hadi leo.

Chumvi yetu haihitaji kuletwa, inakuja yenyewe na upepo na kulala ndani ya kasiba. Nunua chuma cha pua, au upake mafuta ya cherehani kila jioni. Mbao nazo zina tabia zake. Masika yakiingia, kitako hunyonya unyevu, huvimba, na kulisukuma kasiba pembeni. Bunduki iliyolenga sawa wakati wa kaskazi itakuaibisha kusi ikivuma. Fundi hodari hukwangua mbao mpaka noti ya shilingi 100 ipite kati yake na kasiba bila kukwama. Noti huwa hairudi.

Baada ya hapo mpelekee fundi wa milango ya nakshi. Yeye hatakuuliza habari za shabaha. Atakuuliza kama wataka yungiyungi au mnyororo, na kama uwekewe misumari ya shaba. Kubali misumari. Husemwa kwamba kule India iliwekwa milangoni ili kuwazuia tembo, na wewe utakuwa mtu wa kwanza duniani mwenye bunduki ya kuwindia tembo inayowafukuza kabla hujalenga.

Ukidhani umezidisha, nenda Fort Jesus ukautazame mzinga wa manowari Königsberg. Wajerumani walipoipoteza meli yao katika mdomo wa Rufiji mwaka 1915, waliing'oa mizinga yake, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakaiburuta porini kupigana nayo nchi kavu. Misumari yako kadhaa si kitu.

Shabaha ni jambo fupi. Risasi ya .30-06 huruka zaidi ya kilomita 3, na kisiwa chote hakifiki 6 kwa urefu. Ukimkosa kunguru Ndia Kuu, kesi utajibu Nyali.

Sasa kujipakia risasi, ambapo wengi hupotea. Wenzetu wa ng'ambo huliokota ganda lililotumika, hulishindilia kwenye kalibu lirudi umbo lake, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa grein, ambazo 7,000 ndizo ratili moja, kisha hukaza kichwa cha risasi juu yake. Huongeza kidogo kidogo mpaka wajue kasiba lao lapenda nini. Mama zetu hupima mahamri kwa jicho na hayaharibiki. Baruti haipimwi hivyo. Ukizidisha, huondoki na mahamri magumu, waondoka na vidole pungufu.

Ndiyo maana barazani tumebaki na njia ya mababu. Gobori lilipakiwa mdomoni: baruti, kitambaa, shindilia kwa mdeki, marisau, shindilia tena. Nasi twapakia kwa mdomo. Jumatatu ulimpiga paa kwa hatua 50. Jumatano ongeza kidogo, awe kongoni kwa hatua 150. Ijumaa baada ya sala anaweza kuwa nyati, tena anakimbia. Mwenye kujipakia risasi hujua amezidisha akiona fataki imebonyea bapa na komeo limekuwa zito kuinuka. Barazani dalili ni nyingine: muuza kahawa anaanza kukusanya vikombe, na mzee mmoja, bila kuinua kichwa, anauliza, "Mwanangu, huyu si yule paa wa juzi?" Hapo punguza.

Wewe uliye mbishi na bado wataka ya chuma, Sheria ya Silaha, Sura 114, yataka cheti kabla hujashika bunduki au hata risasi moja, na bodi inayokitoa iko Nairobi. Barazani hatuulizi cheti.

Nyara zako ziko Moi Avenue: pembe zilizosimama juu ya barabara tangu miaka ya 1950, ndizo pekee utakazopiga picha nazo bila askari kukushika. Ni za alumini. Ukimaliza, rudi upesi. Kahawa ya leo zamu yako.