Sifa za Ukurutu

Wasanifu wa maneno katika nchi yetu wamekwisha kuvisifu vyote vistahilivyo sifa, na vingine visivyostahili pia: wameisifu kahawa iliyoezeka nyumba kwa bati, na ndizi iliyojaza matumbo, na senene washukao pamoja na mvua za Novemba wakawatoa wazee wa heshima nje usiku kukimbizana nao chini ya taa, lakini ukurutu, uliokuwa ukiwawasha saa ile ile waliposhika kalamu, haukupata kwao hata ubeti mmoja. Dhuluma hii imenihuzunisha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Kanazi katika Kagera, mahali alipokuwa na ikulu yake Mkama Kahigi wa Kianja mpaka alipofariki mwaka 1916, na ambapo kwa sababu hiyo hata mtu dhalili hujua namna ya kumtaadhimisha mtawala, nimekusudia kulilipa deni hilo. Tena wakama na watemi waliondolewa katika vyeo vyao kwa sheria mwaka 1963, hali ukurutu umebaki katika enzi yake mpaka leo, unatoza kodi yake usiku, na hakuna bunge lililothubutu kuujadili.

Nianze na nasaba, kwa kuwa waungwana huanzia hapo. Ukurutu mkubwa, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi, ni wa ukoo wenye kujuana: pumu ya kifua ni nduguye, mafua ya vumbi na chavua ni nduguye, na mara nyingi watatu hawa huonekana katika nyumba moja, mmoja akamshika mjomba, wa pili mama, na wa tatu mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, katika Uskoti, walitangaza kuwa kwa baadhi ya wagonjwa wa Ulaya asili ya udhaifu ni hitilafu katika protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake ni kuikaza ngozi ya juu ili maji yasitoroke na viudhi visiingie. Kwa watu weusi hitilafu hiyo ni adimu, na bado twawashwa vilevile, dalili kuwa ukurutu hauridhiki na mlango mmoja. Humwanza mtoto mashavuni, na akikua huhamia katika vikunjo vya viwiko na nyuma ya magoti. Nao, pamoja na nguvu zote hizo, una murua wa ajabu: hauambukizi, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala kitanda kimoja. Ni majirani tu wasiousadiki wema huo, wakakuamkia kwa “waitu” nyingi za heshima ya Kihaya na mikono wameificha nyuma.

Wala si mchoyo wa sura. Upo ule wa mba, upendao kichwa, nyusi na pembeni mwa pua. Upo wa miguu ya wazee ambao vena zao zimelegea. Upo wa malengelenge madogo viganjani na kandoni mwa vidole. Lakini niupendao mimi kupita yote ni ukurutu wa mguso, maana huo ni mpelelezi na hakimu pamoja, na hukumu yake huiandika pale pale penye kosa: chini ya kitovu palipogusa kifungo cha suruali chenye nikeli, masikioni penye hereni za bei nafuu, mikononi mwa fundi mwashi, kwa sababu saruji mbichi ni kali na ndani yake mna kromiamu, na katika mkono wa bibi harusi wa pwani aliyechorwa kwa piko badala ya hina halisi, ua la harusi likageuka malengelenge yenye umbo lile lile la ua, kwa usanifu ambao mchoraji mwenyewe hakuufikia. Huku kwetu Kagera, ambako wakulima wamepanda vanila katikati ya migomba, utomvu wa mmea huo una vijiwe vyenye ncha visivyoonekana kwa macho, na aukataye bila ya kujifunika mikono huweza kujikuna jioni. Bei ya vanila ikiwa juu, watu huvumilia. Ikishuka, hutambua ghafla kuwa wanaumwa.

Fani yake ya kujificha nayo si haba. Vitabu vya tiba vya Ulaya vilifundisha kuwa ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu, na ndivyo ilivyo katika ngozi nyeupe. Katika ngozi yetu hujivika kijivu, au zambarau, au weusi uliozidi weusi, ukaota vipele vidogo vidogo penye vinyweleo, hata tabibu aliyekariri wekundu akamtazama mgonjwa na kumwambia hana neno. Siku nyingine hujifanya mviringo, watu wakadhani ni choa. Basi mwenye choa hupakwa dawa ya ukurutu, mwenye ukurutu dawa ya choa, na mwenye upele hupakwa zote mbili, hali upele ni mdudu, hukaa baina ya vidole, huwasha zaidi usiku, na hauondoki mpaka nyumba nzima ipakwe dawa kwa wakati mmoja. Choa nacho hujulikana kwa ukingo ulioinuka na katikati panapoanza kupona.

Hapa niache mzaha kidogo. Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, mwaka 1983, na matabibu wamejifunza kuwa mara nyingi ngozi husema kabla ya maabara: mba mkali umjiao mtu mzima kwa ghafla, au muwasho wa mwili mzima usioelezeka, ni sababu njema ya kwenda kupima.

Narudi katika sifa. Sijapata kuona mtawala mkarimu kwa wafanya biashara kuliko ukurutu. Mgonjwa huanza na sabuni ya dawa, kwa kuwa mtu wetu huamini kuwa kinukacho ndicho kitibucho. Husugua kwa dodoki na maji ya moto hata mafuta machache aliyojaliwa na Mungu yakaisha. Kisha hununua kirimu ya mchanganyiko, dawa tatu katika mrija mmoja, na kwa wiki mbili ngozi hung'aa. Wengine hupendezwa na mng'ao kuliko kupona, wakahamia kwenye kirimu za kujichubua zenye klobetasoli au zebaki, ngozi ikawa nyembamba, ikaota michirizi, na ukurutu ukarudi na kuikuta njia imepanuliwa.

Na ajabu ni kuwa mtawala huyu hataki makuu. Ataka mafuta. Oga kwa maji ya uvuguvugu, kwa dakika chache, kwa sabuni isiyo na manukato, na kabla ngozi haijakauka upake mafuta ya mgando yasiyonukia, yauzwayo kwa bei ndogo katika duka la kijiji, asubuhi na jioni, hata siku usiyowashwa. Bibi zetu huogesha watoto kwa maji ya omubirizi, yale majani machungu. Sina ugomvi na bibi zetu, maadamu maji hayo si ya moto na baada yake mafuta yanapakwa. Muwasho ukipanda, ipo haidrokotizoni, iliyothibitika kufaa juu ya ngozi mwaka 1952, dawa ya upole kwa uso na vikunjo. Zilizo kali zaidi ni za ngozi nene, kwa siku alizozitaja tabibu. Kipimo ni mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kiungo chake cha kwanza, yaani nusu gramu, nayo yatosha ngozi yenye upana wa viganja viwili pamoja na vidole vyake. Penye usaha au ukoko wa rangi ya asali pameingia vijidudu, na hapo pana tiba yake. Elimu hii hufundishwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992. Lakini mtu aliye radhi kuuza mbuzi kwa ajili ya kirimu ya wiki mbili huona haya kununua mafuta ya mgando kila mwezi, na juu ya haya hiyo ndipo enzi yote ya ukurutu iliposimama.

Ombi langu kwako, msomaji, ni hili: mtoto wako akijikuna usiku, usimpeleke kwa muuza duka, mpeleke zahanati; mvue nguo ili tabibu auone mwili wote; taja kila kirimu uliyokwisha kumpaka, hata ile unayoionea haya; na kabla ya kutoka uliza jina la dawa uliyopewa, nguvu yake, na siku ya kuiacha.