Ikisiri Kwanza, Utafiti Baadaye

Makongamano yetu ya kitaaluma yana kanuni moja ambayo hakuna anayeilalamikia, basi leo acha niilalamikie mimi. Waandaaji wanataka ikisiri ya maneno 300 miezi kadhaa kabla ya kongamano. Yaani useme umegundua nini wakati hujatoka hata nyumbani kwenda kukigundua. Nami naandika bila kupepesa macho: "Matokeo ya utafiti huu yanaonesha kwamba..." Yanaonesha wapi? Madodoso yenyewe yako steshenari, hayajaprintiwa.

Ikisiri ikikubaliwa, ndipo naketi kuandika makala. Naanza na jina langu. Hapo nina bidii ya ajabu. Kichwa nakiweka katikati, nakikoza wino, nakitazama. Herufi ni Times New Roman, ukubwa wa 12, nafasi kati ya mistari iwe maradufu, maana hiyo hugeuza ukurasa mmoja kuwa mbili bila kuongeza wazo lolote. Baada ya hapo nasikia njaa.

Nikirudi, kompyuta nayo inaniandama. Programu yangu ya kuandikia haijui Kiswahili, kwa hiyo kila neno inalipigia kimstari chekundu cha kujipindapinda. "Kiambishi", mstari. "Ngeli", mstari. Hata jina la marehemu babu, mstari! Ukurasa ukijaa utadhani ni daftari la mtoto wa darasa la pili lililosahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Neno linaloponea chupuchupu ni "safari", nami siandiki kuhusu utalii.

Basi nahamia kwenye marejeleo. Zamani nilikuwa nahangaika kukumbuka kama kitabu kilichapwa Nairobi au Dar es Salaam. Mwaka 2019 Wamarekani wakatoa toleo la 7 la mwongozo wa APA, wakasema mji wa uchapishaji hauhitajiki tena. Nikashangilia. Kumbe jarida la kongamano bado limeng'ang'ania toleo la 6.

"Umefika wapi, Baba Asha?" mke wangu anauliza akiwa mlangoni.

"Kwenye marejeleo."

"Alhamdulillahi, umemaliza!"

"Ndiyo kwanza naanza."

Makala yenyewe huandikwa usiku wa mwisho. Sasa, pale tu ninapokolea, hoja zinakuja zenyewe na vidole havinifuati, inaingia barua pepe: tarehe ya mwisho imesogezwa mbele kwa wiki moja. Nafunga kompyuta, nalala. Watu hawa hawanitakii mema hata kidogo.

Na siku ya siku ikifika, jasho lote hilo linapewa dakika 15. Ukifika kwenye mkabala wa nadharia, mwenyekiti ameshakuinulia kikaratasi cha "dakika 2". Mbele yako wamekaa maprofesa waliotoka kushiba pilau; mmoja anaitikia kwa kichwa kila sentensi, mpaka uone macho yamefumba.

Ndugu waandaaji, muda mfupi nitauvumilia. Nawaombeni kitu kimoja tu: mwakani nipangieni asubuhi, kabla ya chakula.