Heko kwa Kompyuta Iliyogoma

Mjini Sumbawanga, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu humtia kila mtu haraka. Mwombaji anataka fomu yake ya HESLB ichapishwe, isainiwe serikali ya mtaa na kwa kamishna wa viapo, kisha irudi kuskaniwa na kupakiwa mtandaoni kabla dirisha halijafungwa. Nyuma yake kwenye foleni ya steshenari yupo mwenye barua ya kuomba kazi, mwenye cheti cha kuzaliwa cha kutolewa fotokopi, na mwenye kulalamika tu. Aliyetulia hapo ni mmoja: kompyuta ya mezani iliyokatikiwa umeme katikati ya kusasishwa, ikajaribu kujitengeneza, ikashindwa, na sasa inaonyesha skrini ya buluu yenye maneno machache ya Kiingereza.

Wengi wataitukana. Lakini Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, aliandika sifa za nzi, na mashine iliyogoma angalau haitui kwenye chakula.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Mashine nyingine huficha ugonjwa: hufungua faili kwa kujivuta, hupoteza kurasa, hujifanya nzima mpaka siku ya mwisho ya maombi. Hii hutangaza mbele ya foleni nzima kwamba imejaribu kujirekebisha na haikuweza. Tena huacha maandishi. Ndani ya folda ya Windows, ukipita System32, LogFiles na Srt, kuna faili iitwayo SrtTrail.txt, na humo vipimo vilivyofanyika vimeorodheshwa kimoja kimoja pamoja na misimbo ya makosa. Ni ofisi ngapi zinazoshindwa kazi, kisha zikaandika zenyewe ripoti ya kushindwa kwao na kuiweka mahali panapojulikana?

Sifa ya pili, na ndiyo kubwa, ni kutunza amana. Mara nyingi kinachoharibika ni kipande kidogo mno. Kwenye mashine za siku hizi, faili za kuiwashia Windows hukaa katika sehemu yake ya diski ambayo kwa kawaida ina megabaiti 100 tu. Sehemu hiyo ikivurugika, mashine haiwaki, ilhali picha za harusi, hesabu za duka na fomu za waombaji ziko palepale, hazijaguswa. Mashine imefunga mlango. Haijatupa vyombo nje.

Anayevitupa vyombo ni fundi mwenye haraka. Akiona skrini ya buluu hutamka dawa yake moja, “tupige Windows,” na kabla mteja hajauliza swali, diski imeshafutwa. Mashine inawaka, inang'aa, tupu kabisa, na analipwa. Fundi mwenye adabu huanzia kwingine: huchomeka flashi yenye Linux, huiwasha mashine kutoka humo bila kusakinisha chochote, huhamishia mali ya mteja kwenye diski nyingine, na ndipo anapogusa ugonjwa. Hata hapo huangalia herufi kwanza, kwa kuwa ndani ya mazingira ya uokoaji ya Windows diski iliyozoeleka kuitwa C inaweza kujitokeza kama D, na amri ya bcdboot, ya kurudisha faili za kuwashia, ikielekezwa pasipostahili haimsaidii mtu.

Ugomaji huu pia huwaumbua wenye dawa za kurithi. Yako maelekezo ya zamani yanayopita kutoka fundi hadi fundi: ichukue nakala ya rejista iliyo kwenye folda ya RegBack, uifunikie ile iliyoharibika. Enzi zake yaliponya kweli. Tangu Windows 10 toleo la 1803, hata hivyo, Microsoft iliacha kuweka nakala hizo ili kuokoa nafasi kwenye diski. Majina ya faili yapo. Ukubwa wake ni kilobaiti 0. Anayetibu bila kuangalia ukubwa huifunika rejista yenye kitu kwa rejista isiyo na kitu.

Wakubwa nao hawakusazwa. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ileile msaada wa Windows 10 ulipokoma, sasisho la Windows 11 lilileta kioja: kibodi na vipanya vya USB vilikufa ndani ya mazingira ya uokoaji. Skrini ilimwomba mtu achague tiba, naye hakuwa na cha kuchagulia. Kibodi za kale zenye plagi ya mviringo, zile za PS/2, ziliendelea kufanya kazi, na steshenari iliyojaa mashine za mtumba ingekuwa na haki ya kutembea kifua mbele mpaka tiba ilipotolewa siku 6 baadaye. Mwaka mmoja kabla, tarehe 19 Julai 2024, faili moja yenye kasoro kutoka kampuni ya ulinzi wa mitandao ya CrowdStrike iliangusha kompyuta milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Shirika la ndege la Delta lilifuta safari 7,000 hivi. Dawa? Kuingia hali salama na kuifuta faili hiyo kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Kwa siku chache wataalamu wa makampuni makubwa ya dunia walifanya kazi ileile ya fundi wa Sumbawanga, ila yeye ameizoea.

Ameizoea kwa sababu ya umeme. Kwa miaka mingi Rukwa, mkoa wa Sumbawanga, ilikaa nje ya Gridi ya Taifa, ikitegemea umeme wa kutoka Zambia na majenereta ya dizeli. Ukame wa 2024 ulipopunguza mno maji ya kuzalisha umeme katika bwawa la Kariba, Zambia yenyewe ilikuwa gizani saa nyingi za siku. Sasisho linalohitaji nusu saa ya umeme usiokatika ni kamari.

Na Ufipa, nyanda za Sumbawanga, ina historia ya kutokata tamaa na jaribio la kwanza. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyowaka kwa mvuto wa hewa bila mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa chuma kilichochanganyika na takataka, kisichofaa kufulia jembe. Hakuna aliyelilaani lungu. Chuma kilipelekwa kwenye kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, kikasafishwa huko kabla ya kwenda kwa mfua majembe. Tanuri la pili lilikuwa kwenye hesabu tangu mwanzo, kama flashi ya uokoaji inavyopaswa kuwa kwenye droo kabla umeme haujakatika.

Imebaki sifa ya mwisho, uaminifu uliopitiliza. Laptopu mpya nyingi hufungwa kwa kufuli la diski la BitLocker, na baada ya tengenezo lililoharibika huweza kumgeukia hata mwenye mali na kumdai ufunguo. Mtanzania hatishwi na namba ndefu. Tarakimu 20 za LUKU huzibonyeza gizani, mtoto akiwa mgongoni. BitLocker inataka 48. Zipo, zimehifadhiwa salama kwenye akaunti ya Microsoft ambayo muuzaji alimfungulia dukani siku ya kununua, kwa nywila aliyoichagua muuzaji.