Namna ya Kuizuia Mbwawa Isihamie Haiti

Ukiwa Mbwawa, Kibaha, na unataka kuongea na dunia kwa Morse, jua kwanza kwamba nukta moja inatosha kukuhamishia Haiti. Alama za vituo vya redio ya ridhaa vya Tanzania huanza na 5H. Tano kwa Morse ni nukta tano, H ni nukta nne. Ukiidondosha moja kwenye 5, inasomeka HH, na wewe umeshakuwa Mhaiti. Ukiipunja H, inasikika 5S, ya Madagaska. Ukizipunja zote mbili inatoka HS, na jamaa wa Ulaya anaandika daftarini kwamba leo kaipata Thailand.

Kwa hiyo, ndugu yangu, weka kasi kando. Kistari kina urefu wa nukta tatu. Kati ya herufi na herufi nyamaza kwa muda wa nukta tatu, kati ya neno na neno saba. Ukimya ule wa nukta tatu ndio wengi wanaoula: wanaunganisha 5 na H, zinatoka nukta tisa mfululizo, na nane tu mfululizo ndiyo ishara ya "nimekosea". Nani akujibu?

Antena haihitaji utajiri. Kwa megahezi 14, waya wa mita 10 hivi, uliokatwa katikati na kulishwa hapo, unatosha kutundikwa kati ya mikorosho miwili. Radi ikianza kunguruma upande wa Ruvu, zima redio na uchomoe waya, mazungumzo yatasubiri.

Kabla ya kuita, sikiliza. Kisha uliza QRL?, yaani masafa haya yana mtu? Hiyo ndiyo hodi yetu, na hodi husubiriwa jibu. Ukijibiwa na mwenye mkono mzito, shusha kasi yako ifikie yake, hata kama hajaomba QRS, yaani upunguze kasi. Na acha kugawa 599 kama pipi. Mtu anampa mwenzake 599, usikivu kamili, halafu anaomba jina lirudiwe mara tatu! Huo ni uongo. Kama umemsikia kwa tabu, mpe 339 yake.

Leseni inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Iombe kabla hujagusa kitufe cha kurushia, na wakati unaisubiri, piga 5H mezani kwa kidole mpaka nukta zote tisa zitoke salama.