Bahati Hana Bahati

Waandishi wetu wanaume, Mungu awazidishie, wanatuhurumia sana. Mohamed Suleiman Mohamed alimpa Bahati mapenzi ya uongo katika *Kiu* (1972), kisha katika *Nyota ya Rehema* (1976) akamtwika Rehema tabu za kutosha ukoo mzima. Bahati! Rehema! Mwanamke wa kitabuni akipewa jina zuri, mwekee sanda karibu. Adam Shafi yeye, katika *Vuta N'kuvute*, alimwoza Yasmin kwa Bwana Raza, mtu wa rika la babake. Lakini tumshukuru, alimwachia mlango wazi akatoroka. Sisi twasoma, twafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha twakimbilia jikoni wali usije ukaungua.

Siti binti Saad, muuza vyungu wa Fumba, hakungoja kuliliwa: mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia sauti yake kwenye santuri. Wasifu wake aliuandika Shaaban Robert. Mwanamume, naam.

Basi shoga, mwanamke wa hadithini humeza. Wa Mkunazini, Unguja, hamezi kitu. Anashuka sokoni Darajani, anafunua kanga doti baada ya doti, anasoma maandishi.

“Rangi hii itakukaa, bibie.”

“Rangi yangu, maneno ya mtu.”

Akishaifua kanga aliyoichagua, haianiki uani. Anaianika kamba ya mbele, maandishi yakielekea dirisha la mke mwenza. Imekauka tangu adhuhuri. Magharibi inaadhiniwa, na bado iko kambani.